Mate ya Ndugu Yangu

Kwa miezi mitano kazi yangu ilikuwa kuomba watu mate. Nilikuwa nimestaafu maabara ya hospitali, magoti yananiuma, na nilikuwa nimeapa kwamba sitabeba tena chupa ya mtu. Mradi mmoja wa chuo kikuu ukanitafuta kwa sababu najua Kidholuo na Kikuria cha sokoni, na kwa sababu katika miaka yangu yote ya maabara sikuwahi kuchanganya chupa za wagonjwa wawili. Hilo nililijivunia, na nililisema hata pasipo kuulizwa.

Mradi ulitaka kujua watu wa upande huu wa ziwa walitoka wapi. Daktari aliyeusimamia, ambaye ningeweza kumzaa, alinifundisha, nami nikawafundisha watu kwa namna yangu. Ndani ya mate kuna vinasaba, yaani maandishi ambayo mzazi humnakilia mtoto wake. Kunakili hakukosi makosa. Ni kama kina mama wa kwaya wanaonakiliana nyimbo kwenye madaftari: mmoja akikosea herufi, wote watakaonakili kwake watakuwa na kosa lile lile, na ukiliona utajua daftari lilipitia kwa nani. Ukiyafuata makosa hayo kurudi nyuma utawafikia waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini wakifuata Nile, waliokuja na majembe na migomba kutoka magharibi, na wawindaji waliowatangulia wote. Ukizidi kurudi, wanadamu wote, hata mzungu, daftari lao la kwanza liliandikwa huku Afrika. Halafu kuna kipande ambacho baba humpa mwana wa kiume tu, naye akampa wake, karibu bila kubadilika. Hicho ndicho kilichoniponza.

Kazi yenyewe ilichosha. Isebania, mpakani, watu walikuwa wakiangalia malori yao huku wakitema. Macalder ndiko kulikonimaliza. Mtu haruhusiwi kula, kunywa wala kutafuna kitu kwa nusu saa kabla ya kutoa mate, na mwanamume aliyekuwa shimoni akivunja mawe ya dhahabu tangu alfajiri hana mate ya kumpa mtu. Niliwaambia wasugue mashavu, wafikirie ndimu. Walikaa kwenye mawe wakipigania hayo mate kidogo, midomo myeupe kwa vumbi, na mmoja akaniambia, "Mathe, dhahabu wamechukua, samaki wamechukua, sasa wamefika kwa mate." Nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubaliana naye.

Kila mmoja nilimuuliza baba yake ni nani na babu yake alizaliwa wapi, nikaandika alivyosema.

Wiki ya mwisho, ile ile ya Macalder, nilipungukiwa na wanaume wawili wa ukoo mmoja. Nikaona, ya nini kuzunguka tena? Nikaenda nyumbani kwetu, huko huko Nyatike, si mbali na machimbo. Mdogo wangu akatema, na binamu yetu, mtoto wa kaka yake baba, akatema. Katika fomu ya mdogo wangu, mahali pa baba, nikaandika jina la baba yetu bila kufikiri. Baba yetu alikufa nikiwa darasa la nne. Mdogo wangu alizaliwa nikiwa kidato cha kwanza.

Kwetu hilo si fumbo. Mjane alibaki katika boma la mumewe, akatafutiwa mwanamume wa kumsimamia, na watoto aliowazaa baadaye walikuwa wa yule aliyelala kaburini. Desturi ilitaka shemeji, lakini shemeji mmoja wa mama alikuwa ameokoka na mwingine alikuwa mbali. Akaja mvuvi kutoka Mbita, ng'ambo ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, mmoja wa wale Wasuba ambao babu zao walivuka kutoka upande wa Uganda na leo wanazungumza Kidholuo kutushinda. Alikaa misimu michache, akaenda zake. Mdogo wangu akapewa jina la babu mzaa baba, akakua, akajenga nyumba yake katika boma la baba. Hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo mbele yangu. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi nikaamini kwamba lisilosemwa lina aibu.

Miezi ikapita, kisha Daktari akaniita Homa Bay. Aligeuza kompyuta yake nione, kama kwamba ningeelewa zile rangi.

"Mama, hawa wawili umeandika baba zao ni ndugu wa tumbo moja. Lakini laini zao za baba haziko hata karibu. Huyu ni wa watu wa Nile. Huyu wa pili anaenda na wale wa visiwani, Rusinga na Mfangano. Hizo laini ziliachana maelfu ya miaka iliyopita."

Niliendelea kuziangalia zile rangi.

"Kuna mahali ulichanganya chupa? Ama kuna kitu kwa hiyo familia hatujaambiwa? Niambie tu, tutaandika. Jina la mtu halitoki hapa."

Nilisikia lile neno, tutaandika. Nikamwona mdogo wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akitolewa katika boma la baba yetu kwa karatasi, na karatasi yenyewe imeletwa na dada yake. Upande mmoja kulikuwa na jina lake, upande mwingine langu.

"Nilichanganya," nikasema.

Hakukasirika. Alinishika mkono akasema, "Umechoka, mama. Pumzika sasa." Afadhali angenitukana. Kwa kuwa nilikuwa nimekiri kosa moja, chupa zote za wiki ile hazikuaminika tena, na za Macalder zilikuwa humo. Mate yale yaliyotafutwa kwa shida kwenye mawe yakatupwa. Awamu ya pili ya kazi akapewa mtu mwingine. Nilirudi Migori nikijiambia kwamba angalau nimemwokoa mdogo wangu.

Nilipofika nyumbani Nyatike, mama alikuwa akibangua njugu karanga kwenye ungo, mdogo wangu ameketi karibu naye. Niliwasimulia yote, maana mzigo ulinishinda kuubeba peke yangu. Nikiri ukweli, nilitarajia kushukuriwa.

Mdogo wangu akachukua njugu moja ungoni. "Sista, si ungemwambia tu? Yule mzee wa Mbita mimi namjua. Alipokufa nilienda matanga yake, nikakaa na wageni." Akaonyesha kaburi lililo kando ya nyumba ya mama. "Baba yangu si huyu hapa?"

"Nilidhani utaaibika," nikasema.

"Kwa nini?"

Niliwafikiria wale wachimbaji wa Macalder. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na pamoja nami nimekaanga jasho la watu, ili kuficha kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikificha.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Alisema kwa Kidholuo, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo alilopaswa kulijua.

"Tangu nimzae huyu, hakuna mtu wa boma hili aliyewahi kuhesabu kwamba si mtoto wa mume wangu. Hata shemeji zangu, hata siku ile wakigawana shamba na maneno mabaya yakatoka." Akapeperusha maganda. "Wewe ndiye wa kwanza, mwanangu."