Mlango Uliofunguliwa Redioni

Mambo haya yalitokea mwaka ule mvua zilipoangusha ukuta wa gereji. Hapana, hapo nimepotoka. Ukuta ulianguka mwaka uliofuata, maana siku ulipoanguka waliojeruhiwa walipelekwa kituo cha afya, na kituo chenyewe ndicho ninachotaka kukisimulia. Basi ilikuwa mwaka mmoja kabla yake, mwaka stendi ilipohamishiwa upande wa juu na wenye maduka ya chini wakabaki wakitazamana. Mtu akishakula chumvi nyingi, miaka humchanganyikia kama nguo za wapangaji wengi kwenye kamba moja.

Kati ya waliobaki chini alikuwepo mama mmoja mwenye duka la fotokopi. Duka lilikuwa dogo kama mfuko wa shati: mashine moja ya kunakili iliyopenda kutafuna karatasi, kompyuta moja, benchi moja, na mkasi uliofungwa kamba mezani ili wateja wasiondoke nao kwa kusahau. Watu walimwita Mama Karatasi. Asubuhi alinakili vyeti, alipiga chapa barua za kuomba kazi, alitia vitambulisho kwenye plastiki. Mchana wateja wakipungua, aliandika blogu yake.

Blogu iliitwa Nimeona. Humo alichambua siasa za jimbo na habari za siku: nani kasema nini bungeni, barabara ipi imeahidiwa tena, nani kahama chama na kwa nini kahama na viti vya ofisi. Hakutukana mtu. Ila alikuwa na ulimi wa sindano, unaingia taratibu, mwenyewe unashtukia damu. Kuna mheshimiwa aliyeahidi lami kila kampeni, akamwandika hivi: "Mheshimiwa ametia lami tena mdomoni. Miguu yetu ingali vumbini." Vinyozi waliisoma kwa sauti, na mteja mmoja alicheka mpaka akakatwa nusu ya ndevu.

Wasomaji hawakujua jambo moja. Hakuna makala iliyotoka kabla ya kusikilizwa na baba mkwe wake, na mzee huyo alikuwa mtu wa chama tawala, wa kufa na kuzikana. Aliitwa Mzee Kofia, kwa ile kofia ya chama ambayo mtaa ulidai haivui hata akioga. Alikuwa dereva wa greda hadi alipostaafu. Sasa aliishi kwa mwanawe, fundi wa kuchomelea mageti, na kutwa alishinda kwenye benchi la duka, redio sikioni, akibana karatasi za wateja kwa stepla.

"Kwa nini umsomee Baba, na unajua atanuna?" mumewe alimwuliza siku moja.

"Kwa sababu atanuna. Rafiki atanisifu hata nikiandika upuuzi. Baba atatafuta kosa mpaka chini ya nukta."

Ndivyo ilivyokuwa. Alisoma, na mzee akasikiliza amefumba macho. Akikohoa tu, ana hasira, na makala inatoka. Akigonga mkongojo sakafuni, kuna jambo lisilo kweli, na makala haitoki.

"Hapo umemwonea mtu wetu," alisema safari moja, mkongojo umeshagonga. "Hakusema 'nitajenga'. Alisema 'tutaangalia'. Nilimsikia kwa masikio haya."

"Asante Baba, nalirekebisha." Akafuta, akaandika "tutaangalia", na makala ikawa chungu mara mbili. Mzee akakohoa mpaka akaletewa maji.

Basi mwaka huo jimbo lilijenga kituo cha afya nje kidogo ya mji, karibu na machimbo ya kokoto. Jengo zuri, bati la bluu, vyumba vya kujifungulia. Ikatangazwa siku ambayo mkuu wa jimbo atakuja kukizindua. Mzee Kofia alipiga pasi shati lake la chama tangu jana yake, akaondoka alfajiri kwa miguu akiogopa kukosa kiti cha mbele. Mama Karatasi alifunga duka akafuata baadaye, kwa sababu blogu inaitwa Nimeona, haiitwi Nimesikia.

Alikuta watu wamejaa uwanjani: kwaya ya chama kwa sare, mama wajawazito wamekaa kwenye kanga, wazee wamejipanga. Mlango wa kituo ulikuwa na kufuli jipya. Jua likapanda. Kwaya ikaanza kuimba, ikanyamaza, ikaanza tena. Mkuu hakuja. Vitanda havikuwa vimefika, na asubuhi hiyo hiyo wakubwa walikuwa wameahirisha shughuli bila kumwambia mtu wa uwanjani. Alasiri watu wakajikung'uta vumbi wakarudi makwao.

Hapo ndipo penye mkasa. Ofisi ya habari ya jimbo ilikuwa na mazoea yake: habari ya shughuli huandikwa siku moja kabla, na shangwe zake na makofi yake, ikagawiwa kwa redio na magazeti ili isichelewe. Shughuli ilipoahirishwa, kila mtu pale ofisini alidhani mwenzake ameshairudisha. Habari ikabaki huko ilikotumwa, na saa saba mchana redio ikaisoma: mkuu wa jimbo amefungua kituo, umati umeshangilia, wagonjwa wa kwanza wameshalazwa. Kesho yake magazeti nayo yakaandika neno kwa neno.

Watu wa vijiji vya mbali wakasikia wakaamini. Siku ya pili mume mmoja alimleta mkewe mwenye uchungu juu ya mkokoteni, wakakuta kufuli. Mama yule alijifungulia kwenye kibanda cha mlinzi. Bahati akatoka salama, yeye na mwanawe.

Mama Karatasi aliposikia hayo aliandika bila kupumzika. Kisha akasoma mbele ya benchi: "Nilikuwepo. Mkuu hakuja. Kufuli halikufunguliwa. Kituo kimefunguliwa redioni, na redioni hakuna mkunga."

Akangoja. Mzee alikohoa. Akakohoa tena. Mkongojo ukabaki pale pale, umelala magotini.

Makala ikatoka, na jimbo zima likaisoma. Kumbe amechokoza nyuki. Ofisi ingeweza kusema "tumekosea, tuwieni radhi", yakaisha. Lakini mkubwa akishapanda mti wa uongo, kushuka huona aibu. Mama Karatasi akaitwa mbele ya baraza la habari la jimbo, Jumamosi, ukumbini, hadharani. Athibitishe aliyoandika, au atangaze mbele ya watu kuwa alidanganya na blogu ifungwe.

Kufungwa blogu kulimuuma. Kuitwa mwongo kulimuuma zaidi, maana neno lake ndilo lililokuwa mtaji wake wote. Alikuwa na picha ya kufuli, lakini picha haisemi siku. Alikwenda kwa wanakwaya, wakatazama vidole vya miguu. "Dada, sisi tuna watoto," mmoja akamwambia. Alikwenda kwa mlinzi wa kituo, akaambiwa amehamishwa.

Alibaki shahidi mmoja, naye alikuwa kwenye benchi lake akibana karatasi.

"Si umwombe Baba?" mumewe alisema.

"Nimwombe nini? Akivue chama chake mbele ya watu kwa ajili yangu? Mkwe hashikwi shati, mume wangu. Mimi sitamwuliza."

"Basi nitamwuliza mimi."

"Ukimwuliza, usiniite mke wako."

Ijumaa akaja dukani mwenyekiti wa tawi la chama, mtu wa tabasamu pana, mkononi kofia mpya ya kijani.

"Mzee wetu, kesho tumekuwekea kiti cha mbele. Watu wakuone. Waone kwamba huyu mkweo, hata nyumbani kwake mwenyewe, hakuna anayemuunga mkono."

Alisema hivyo huku Mama Karatasi akiwa pale pale, amepiga magoti akichomoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Akamwangalia mzee. Mzee aliipokea kofia, akaigeuza ndani nje kama anayekagua mshono.

"Kiti cha mbele," alisema. "Nitakuja."

Mama Karatasi akavuta karatasi kwa nguvu ikachanika vipande viwili. Jioni alimkuta mzee akipiga pasi lile shati. Akamtengea chai kama kawaida, akamwambia, "Chai, Baba," akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ukumbi Jumamosi ulifurika. Wenye kukosa viti walining'inia madirishani. Nyuma walijazana vinyozi, wachuuzi, wanafunzi wa chuo na wateja wa fotokopi. Mbele kabisa, kofia kichwani, alikaa Mzee Kofia, pembeni yake mwenyekiti wa tawi akichekea kila upande. Mama Karatasi alisimamishwa mbele ya meza ya wajumbe watatu.

Msemaji wa jimbo akainuka. Alikuwa kijana mtanashati, sauti kama ya tangazo la sabuni. Akaisoma ile habari yote, na shangwe zake.

"Mama, unasema haya yote hayakutokea?"

"Nasema sikuyaona, na nilikuwepo."

"Nani mwingine alikuwepo akayakosa haya?"

Mama Karatasi akageuka akautazama ukumbi. Nyuso alizozijua zikainama. Macho yake yalipita juu ya kiti cha mbele bila kusimama.

"Siwezi kumsemea mtu," alijibu. "Mimi najisemea mwenyewe."

Msemaji akacheka. Angekaa chini hapo, angeshinda. Lakini kuku mwenye shibe huchakura hata palipo moto.

"Basi mimi nitamwita mtu," alisema, akanyoosha mkono. "Huyu hapa ni baba mkwe wake! Mzee, hebu waambie watu. Siku ile ulikuwepo?"

Mzee Kofia akainuka taratibu, kwa mkongojo. "Nilikuwepo."

Makofi! Mwenyekiti wa tawi alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Msemaji akamgeukia Mama Karatasi. "Umesikia?"

"Kijana," mzee akasema, "ukimwuliza mtu, kaa usikie. Sijamaliza."

Akajiegemeza kwenye mkongojo.

"Nilifika kabla jua halijatoka. Nilivaa shati hili hili. Nilikaa juu ya tofali, kwa sababu hapakuwa na viti. Nilimngoja mkuu wangu wa jimbo mpaka makalio yakafa ganzi. Mlinzi akanihurumia akanipa ndoo nikalie. Mkuu hakuja. Mlango haukufunguliwa. Mimi chama hiki nimekipenda kabla wewe hujaota meno, na kukipenda kwangu hakujanipofusha. Huyu mkwe wangu ananikera kila siku ya Mungu. Ananikera! Ila kila anachoandika ananisomea kwanza, nami nikitafuta uongo humo siupati. Ningeupata, ningekuja kukuambia mwenyewe, mbio."

Mtu mmoja dirishani akapiga kelele, "Asiyekuwepo na lake halipo!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mwenyekiti alivuta shati la mzee. "Mzee wetu, kaa chini, kaa chini."

"Niache! Kiti cha mbele mmenipa wenyewe."

Hapo akasimama mama mnene katikati ya ukumbi, kiongozi wa kwaya ya chama, machozi na kicheko vimemshika pamoja. "Na mimi nilikuwepo! Tuliimba nyimbo zote tunazozijua. Tuliliimbia kufuli!"

"Kufuli liliitikia?" akauliza kinyozi.

"Liliwashinda hata waheshimiwa, maana lenyewe lilikuwepo!"

Wakaanza kuinuka, huyu huku, yule kule. Na mimi. Na mimi pia. Nilikuwa na mke wangu. Mimi ndiye niliyeuza maji pale. Mwisho akainuka yule mume wa mkokoteni, amembeba mtoto mchanga kifuani. Alimnyanyua tu ukumbi umwone. Wajumbe watatu walinong'onezana. Mkubwa wao akavua miwani, akaifuta, akasema baraza halikuona kosa katika makala, na kwamba ofisi ya habari itasoma masahihisho redioni, saa ile ile na kwa sauti ile ile.

Mama Karatasi alibebwa juu juu. Kiatu kimoja kikapotelea huko, hakukipata tena, na hakukitafuta. Walimpitisha mtaa wa chini, wenye maduka wakipiga masufuria na ndoo, fundi wa mageti akikimbia mbele na nyundo akigonga kila nguzo ya taa huku akilia, "Mke wangu huyo! Mke wangu huyo!" Kwaya ya chama, ambayo ilikuwa haijamwimbia mtu kwa muda mrefu, ikamwimbia yeye, kwa sare zile zile.

Jumatatu redio ikasahihisha. Wiki hizo hizo vitanda vikaja, wakunga wakaja, na mkuu wa jimbo naye akaja, kwa miguu yake mwenyewe, kufuli likafunguliwa mbele ya watu. Mama Karatasi alikuwepo. Akaandika: "Leo kimefunguliwa. Mkuu amekuja, ameongea kwa ufupi, tunamshukuru kwa yote mawili. Nimeona." Wasomaji wakaongezeka hata katika majimbo ya mbali, na ofisi ya habari ikaacha kuandika ya kesho leo. Msemaji mwenyewe siku hizi humpigia simu kabla ya shughuli: "Mama, utakuja?" Akisikia ndiyo, nasikia shughuli huanza kwa wakati.

Mzee Kofia hakubadilika hata kidogo. Chama chake ni kile kile, na kukohoa ni kule kule. Mtu akimsifu kwa aliyoyasema ukumbini, hukasirika. "Nimeulizwa nikajibu. Mlitaka nifanye nini, nicheze?"

Jioni moja mashine ilipozimwa na karatasi za mwisho zilipobanwa, Mama Karatasi alivuta kigoda akakaa karibu na benchi. Kuna jambo lilikuwa limemkaa moyoni tangu Jumamosi ile, katikati ya vigelegele vyote. Mzee alimtazama, akasikiliza mpaka mwisho, akaanza kutafuta miwani yake iliyokuwa usoni. Mpaka leo angali anaitafuta.

"Baba, siku ile kama mguu ungekuuma ukabaki nyumbani, ukasikia redioni kimefunguliwa, mimi nikarudi nikakwambia hakikufunguliwa, ungemwamini nani?"