Mahindi Yaliyopita Paa la Nyumba

Siku shamba langu la Nyakiyumbu lilipolala chini, mwanangu, mpaka leo nikiikumbuka mwili hunisisimka. Wewe unayetafuta mbegu ya kulishia ng'ombe, nisikilize.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja, ana mimba, na kiangazi kilikaribia. Nikapanda mahindi ya sileji, yale ya kukatwakatwa mabichi, kushindiliwa shimoni na kufunikwa yawe lishe ya kiangazi. Mbegu niliichagua kwa kimo tu, nikaipanda kwa kubananisha. Yakarefuka hadi yakapita paa la nyumba. Watu waliotoka sokoni Bwera walisimama kuyatazama, nami kichwa kikanivimba.

Mama mkwe wangu, Masika, alikuja akaminya bua moja.

"Mutoto yangu, hii iko nyembamba. Na hindi yake iko juu sana. Nani ataibeba?"

Nilicheka. Ya kwake yalikuwa mafupi; nikadhani ni wivu.

Wiki moja kabla ya kukata, alasiri, upepo na mvua vilishuka kutoka milimani. Havikudumu. Nilipotoka nje nilipiga yowe. Shamba zima lilikuwa chini, mabua yamevunjika, majani yamezama topeni! Ng'ambo ya njia, mahindi ya Masika yalisimama wima. Sikuamini macho yangu. Nikavuka, nikayashika: bua nene, hindi kubwa usawa wa kiuno, majani mabichi mpaka chini. Nikakaa palepale kwenye tope.

Mimi na mwenzangu tulishindilia tulichookota topeni. Kiangazi tulipofunua shimo, ukungu na uvundo vilitupokea. Ng'ombe alinusa, akaondoka.

Masika hakunisimanga. Alifunua shimo lake, akaniita.

"Kuja uchukue. Ngombe haiko na kosa."

Ndama alizaliwa hai kwa chakula cha mwanamke niliyemcheka. Aibu ile sijaisahau.

Basi, mwanangu, usichague mbegu kwa urefu peke yake. Uliza bua lina unene gani, hindi limekaa wapi na limejaa punje kiasi gani, majani yanakaa mabichi mpaka lini. Acha nafasi kati ya mmea na mmea. Na aliyelima kabla yako akikuonya, nyamaza umsikilize, hata kama shamba lake halipendezi machoni.

Mungu akujalie kiangazi chepesi, na maziwa ya kunywa nyumbani kwako na ya kumpelekea jirani.