Pipa la Muhogo la Bibi

Muhogo uliovundikwa una harufu inayofika kabla ya mwenye kuubeba. Leo imeingia dirishani mwa darasa letu, na mara nikawa tena mtoto mdogo nyuma ya nyumba ya Bibi, hapa Kindu, karibu na pipa lake.

Siku hiyo Mzungu wa usafi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na karani wake, akimwaga mafuta ya kuua mbu kwenye kila maji yaliyosimama. Alipofika kwetu akaziba pua. Ndani ya pipa mlikuwa na muhogo wote tuliokuwa nao, wa kulisha wageni waliokuja kumpa mdogo wangu jina. Mafuta yangeingia mle, wageni wangekula salamu tu.

"Mwambie," Bibi akamwambia karani, "nyama njo inaoza. Maharage ya jana njo inachacha. Ubao unabunguliwa. Hii haiko hata moja. Hii tuliivundika sisi wenyewe, ilainike, uchungu utoke."

Karani, kijana wa Kibombo, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata, akakohoa. Akasema neno moja tu la Kifaransa, lile la kuoza.

"Baba, mimi nimesema mengi," Bibi akasema. "Mbona yako iko fupi?"

Mzungu akainua kopo lake la mafuta.

Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya kitenge cha Bibi; mpaka leo nikiitwa ubaoni nangoja niitwe mara ya pili. Lakini Jumamosi niliosha vyombo kwa masista, na kulikuwa na sahani moja ambayo kila mmoja wetu aliikimbia kwa harufu yake. Nikasikia sauti yangu: "Ni kama fromage, Monsieur."

"Fromage," Mzungu akarudia. Akainama, akanusa tena, taratibu, akacheka peke yake, akafunga kopo.

Bibi akauliza fromage njo nini. Nikamweleza: maziwa yanayoachwa makusudi mpaka yagande, yanuke.

"Na wanakula?"

"Wanakula."

Akawaonea huruma siku nzima.

Jioni karani alirudi peke yake, akanawa mikono, akala bugali wetu wa muhogo matonge makubwa bila kumtazama mtu. Bibi akamwongezea.

Kwa miaka nilidhani Kifaransa cha yule karani ni kidogo, nikajivuna kimoyomoyo. Juzi sista mpya aliniuliza nyumbani tunakula nini. Maneno yote ya Bibi juu ya muhogo yalikuwa mdomoni, na Kifaransa cha kuyasema ninacho. Nikajibu, "Wali, Sista."