Risasi Tisa Alizorudisha Kaka

Kwetu Kabambare bunduki ya kuwindia ni ya mutu mmoja, wengine tunaazima. Mwenyewe anakupa na risasi. Ukirudi na nyama, unamrudishia zilizobaki kwa mikono miwili, na zikiwa nyingi ndipo wanakuheshimu. Kaka yangu mkubwa alikulia katika heshima hiyo.

Federasio ya taifa ya kulenga shabaha ilipotuma mjumbe mjini Kasongo kuchagua watu wa kujiunga na timu, kaka alipanda pikipiki siku mbili akafika kwangu hukohuko. Sijawahi kumuona anataka kitu namna ile. Aliniambia amechoka watu kukimbia kila wanapoona bunduki. Alitaka siku moja ashike yake, watu wabaki wamesimama wanamtazama.

Masharti yalikuwa kwa Kifaransa. Nilimsomea huku nasonga ugali, mbio mbio: kila mutu atapewa risasi kumi. Basi, nikakunja karatasi. Mwindaji kama yeye, mimi mwalimu wa shule nimfundishe nini? Kiburi changu tu.

Tulikutana nje ya mji, pale wanapochimba udongo wa matofali. Asubuhi walikuwa wamepita na megafoni kuwatuliza watu, lakini kina mama wauza mihogo walifunga vitu vyao wakaondoka. Mimi niliombwa kutafsiri. Nilivaa kikwembe changu kizuri cha kanisani.

Walipangwa kupiga mmoja mmoja, kaka wa kwanza. Alipoitwa alilala chini, akatulia, akapiga moja. Katikati kabisa. Kisha akakusanya zile tisa, akainuka, akamkabidhi mjumbe kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha kidogo.

Watu wakaanza kucheka nyuma yangu. Mjumbe akatazama saa, akaniuliza kwa Kifaransa, kwa upole, kama kaka amemaliza, maana muda bado upo. Nilielewa yote palepale: kaka anarudisha zilizobaki kama kwetu, na mjumbe anataka zote kumi zipigwe. Lakini haya ilinishika. Mungu anisamehe, nilitaka kicheko kile kiishe tu.

"Yaya, umemaliza?" nikamuuliza kaka, kama tunavyomwita mkubwa.

"Nimemaliza."

Nikamwambia mjumbe amemaliza. Wakamwandikia alama kumi kwa mia.

Orodha ilipotoka bila jina lake, nilimweleza kila kitu, nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu, kama muda ulikuwa bado. Nikasema ulikuwa bado. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mpaka leo naenda kwake, tunakula sahani moja, na ananisogezea minofu. Mwezi uliopita, nikiwa pale, alipata barua ya Kifaransa kutoka ofisi ya ardhi. Nikanyoosha mkono niisome. Akampa muke wake, aliyeishia darasa la tatu, akakaa kando yake kumsubiri aunganishe herufi moja moja.