Jina la Tovuti ya Ulezi wa Mama

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda Ufipa na malori yao, mama yangu alikuwa akiuza ulezi kutoka Mpui, na hakuna mnunuzi aliyejua jina lake. Hakuwa mtu wa mjini. Magunia yake yaliuzwa Sumbawanga na dalali, na wanunuzi waliujua uzi wake tu. Akishashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, alifunga masikio ya gunia, zile pembe zake za juu, kwa uzi mwekundu aliofumua kwenye sweta langu la shule ya msingi, lililokuwa limenibana. Watu waliulizia ulezi ule wa uzi mwekundu, maana haukuwa na chembe ya mchanga. Hadi leo nikifumba macho naiona asubuhi ya ukungu, magunia yamekaa kimya kama watu wanaosubiri misa, na vile vidoa vyekundu tu ndivyo vinavyoonekana.

Baadaye intaneti ikafika mjini. Nilikuwa nimerudi na cheti cha biashara, na kichwa kikubwa kuliko cheti chenyewe. Nikaamua ulezi wa mama uwe na tovuti. Fundi wa kompyuta, kijana mpole aliyevaa koti hata ndani ya nyumba, aliniambia jambo la kwanza ni jina. Liwe fupi, liwe lile ambalo watu tayari wanalo mdomoni. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Nikaandika jina lenye Rukwa, lenye Afrika, lenye kimataifa, nikajisikia kama nimeshafika Ulaya.

Nilipomsomea mama jina hilo, alikuwa anapepeta. Aliuliza bila kuinua macho, "Mwanangu, mtu wa mbali akitaka ulezi wangu, ataniulizia vipi?"

Nikamjibu kwamba mambo ya uzi yamepitwa na wakati. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema. Msimu ule nikamwacha dalali, nikachapisha jina langu refu kwenye magunia mapya, yakashonwa kwa mashine, kwa uzi mweupe. Mama alikusanya mabaki ya sweta, nami sikuuliza anayapeleka wapi.

Miezi ikapita. Hakuna aliyetuandikia. Nilikwenda kwa fundi kila wiki, nikakaa mbele ya kioo cha buluu cha kompyuta yake hadi macho yakaanza kuelea, nikiona malori yanatoka humo ndani moja baada ya jingine. Nilikuwa naota, na nilikuwa naogopa.

Siku moja nikamleta mama sokoni Sumbawanga, nilikokuwa nikiuza mwenyewe, ayaone magunia yake mapya. Tulikuwa tumekaa nyuma ya magunia hayo, mvuke wa chai ukipanda usoni, mnunuzi wake wa miaka yote, aliyemjua kwa uzi tu, alipotokea, mzee mwenye kofia ya sufu. Alipita taratibu akiangalia masikio ya magunia. Akafika kwetu, akapita. Akamuuliza muuzaji wa pembeni yetu, asiyemjua mama, kama yule mama wa uzi mwekundu bado analeta mzigo. Muuzaji akasema msimu huu hajauona.

"Basi atakuwa amefariki," mzee akasema, akavua kofia.

Mama aliweka kikombe chini. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa donge dogo la uzi mwekundu, akaanza kulifunga sikio la gunia lililo mbele yake, polepole, kama yuko nyumbani. Mzee aligeuka, akaviangalia vile vidole mpaka fundo likakaza.

"Nipo," mama akasema.

Mchana uleule nilirudi kwa fundi na jina jipya la maneno mawili tu, uzi na mwekundu. Akauliza ni nani atakayetafuta ulezi kwa jina kama hilo.

Nikamwambia, wanaomtafuta mama yangu.