Shamba la Mama wa Mapacha Kwanza

Mimi kwa wasiwasi sijambo. Simu ikiita asubuhi, kabla sijapokea nimeshazika mtu. Kwa hiyo msimamizi wangu wa utafiti alipopiga kutoka chuoni akasema, "Kundi lako la Bariadi limekufa," nilikaa chini palepale sakafuni.

Nilikuwa nimetengeneza zana ya kujifunzia kuandika programu mtandaoni. Inakupa zoezi, na ukikosea inakueleza kwa Kiswahili umekosea wapi. Niliijaribu kwa akina mama wa kwetu Bariadi, kwenye chumba cha kituo cha jamii chenye kompyuta chakavu za chuo. Sasa msimamizi aliona akaunti moja tu inafanya kazi. Nyingine zote kimya.

"Mmoja hodari, wengine wameacha," alisema. "Kesho mchana nalifunga."

Likifungwa, kompyuta zinaondoka, na utafiti wangu wote umekwenda na maji. Alfajiri nikapanda basi kutoka Mwanza. Njiani Nassa sikuiona, Mwamanyili sikuiona. Macho yalikuwa kwenye saa ya simu.

Niliwakuta wote wamebanana kwenye kompyuta moja. Nyingine zimezimwa na kufunikwa vitenge.

"Mwangaluka," wakanisalimia.

"Mwangaluka, mwangaluka! Jamani, mnaniua! Mbona hizi zimezimwa?"

"Zamu zake bado, dada," mmoja akajibu bila haraka. Akamwonyesha aliyekaa kwenye kiti, mtoto mmoja mgongoni, pacha wake kapakatwa na jirani. "Huyu alijifungua, akabaki nyuma. Tumeanza na shamba la kwake. Likiisha tunahamia la mwingine."

Mimi nimezaliwa huku. Najua pamba inavyopaliliwa: leo wote shambani kwako, kesho kwangu, na tunaanza kwa aliyezidiwa, mgonjwa, mfiwa au mzazi. Lakini hilo sikuwahi kuliingiza kwenye zana yangu. Yenyewe ilijua kuhesabu mtu mmoja mmoja.

Nikampigia msimamizi. "Huyo unayemwita hodari ndiye aliyekuwa wa mwisho. Wenzake hawajaacha, wanamfundisha."

"Au wanamfanyia," akasema. "Wengine watoke nje. Aandike peke yake, nikiwa naangalia kwa mtandao, programu ya kutafuta gunia zito kuliko yote. Akiweza, nawaachia."

Wakatoka na mapacha wote wawili. Mimi nikabaki mlangoni, nimekatazwa hata kukohoa. Mama wa mapacha akaandika mstari, akafuta, akaandika tena. Maandishi mekundu yakatokea: amekosea. Nje mtoto akaanza kulia. Mungu wangu, nikawaza, atanyanyuka huyu. Nikauma kidole changu.

Hakunyanyuka. Alisoma yale maandishi mekundu polepole, kisha akaanza kunong'ona Kisukuma, akijieleza kila hatua vile wenzake walivyokuwa wakimweleza. Shika gunia la kwanza. Lilinganishe na linalofuata. Zito libaki mkononi. Akarekebisha mstari mmoja, akabonyeza. Jibu likatoka, sahihi.

Msimamizi alikuwa bado kwenye simu. "Basi," akasema. "Silifungi. Ila na wewe tafuta namna ya kuwapima watu kama hawa."

Nikafungua mlango kuwaita. Vigelegele vikaingia na akina mama. Hakuna aliyekaa kupumzika. Walishaanza kuvuta kitenge kwenye kompyuta ya pili. Mama wa mapacha akampokea mwanawe, akanitazama vidole vyangu vilivyoliwa kucha.

"Wabeja, dada," akanishukuru. "Na hii kazi yako ya chuo, unafanya na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako?" Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kisukuma, nao wakanitazama kwa huruma kama watu waliokuja kuhani. Kisha akakirudisha kile kitenge juu ya kompyuta ya pili, akanivutia kiti.

"Kaa. Tunaanza na la kwako."

Nikaanza kulia, mimi mwenye shahada zangu, mbele ya watu.