Mtani wa Nyumba ya Lyamba

Sikujua alizaliwa mtani. Ukoo wao na ukoo wa Lyamba walitaniana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na kazi ya mtani, kama hujui, ni kuvuruga msiba. Siku ya kugawa nguo za marehemu watu wameinamisha vichwa, yeye anavaa koti la marehemu, anakohoa kama marehemu, anayaanika madudu yake yote hadharani, na wenye msiba hawana ruhusa ya kununa.

Alipokufa mzee Lyamba, mbunge wa kwanza wa jimbo lile, Sikujua alikuwa mama wa makamo, akavaa kofia ya marehemu na kuahidi daraja la mtoni kwa sauti nzito. Akaingia bungeni mwanawe, Melkiadi, naye akaahidi lilelile, vipindi vitatu. Kijiji cha Ng'ambo, kule mbele ukiiacha Kasokola, kiliwapa kura zote. Nani mwingine angepewa? Shule jina lake Lyamba, kisima jina lake Lyamba, hata fahali wa kijiji aliitwa Lyamba. Daraja ndilo halikupata jina, maana halikuwepo.

Masika moja Doto, binti wa Sikujua, alishikwa na uchungu mto umefurika. Wakamlaza ukingoni kusubiri maji yapungue wavuke kwenda hospitali. Siku nzima wakasubiri, na maji hayakupungua. Esteria, mke wa Melkiadi, alikuwa amekuja kuwaona wakwe, ndiye aliyemshika Doto kichwa mpaka akakata roho.

Sikujua hakumsema mtu. Alingoja misiba. Kila kina Lyamba walipogawa nguo za mtu wao, alikunja suruali ya marehemu hadi magotini, akauvuka uwanja kwa hatua za kunyatia, anatetemeka kwa baridi ya maji ambayo hayapo, na kuita, "Karibuni darajani, waheshimiwa!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Melkiadi alicheka nao, kisha alitazama chini. Ndivyo mama yule alivyomlilia mwanawe kwa miaka kumi na moja, na njia nyingine hakuwa nayo.

Sasa Melkiadi naye akafariki, kiti kikabaki wazi, uchaguzi mdogo ukatangazwa. Mwanawe Sylvanus akachukua fomu udongo wa kaburi haujakauka, na siku ya kugawa nguo wakaisogeza hadi wiki ya mwisho ya kampeni. Loh, kina Lyamba nao!

Siku moja kabla, mchana wa joto, Sikujua alisinzia kando ya mpunga aliouanika. Akamwona Melkiadi amesimama ng'ambo ya mto, viatu mkononi, na mto wenyewe unapita bila sauti. "Mtani, nivushe," anasema. Sikujua akataka kumjibu neno la kumchekesha, ulimi ukawa mzito kama pamba iliyolowa, neno halikutoka. Alipofumbua macho, uso ulikuwa uleule, umri ndio ulikuwa mwingine. Sylvanus alikuwa amesimama mbele yake na kanga mbili za kampeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeleta mahari?"

Sylvanus hakucheka. "Bibi, kesho tuna wageni wakubwa na waandishi. Haya ya kuvaa makoti tuyaache, ni mambo ya kizamani. Kiti chako tumekiweka mbele. Na habari za daraja ukizileta, watu watajua umetumwa na Mwalimu Specioza."

Mwalimu Specioza ndiye aliyekuwa akishindana naye. Adui hutumwa, mtani hatumwi. Mjukuu wa Lyamba alikuwa amemtoa Sikujua kwenye undugu hivihivi, mchana kweupe, na kanga akampa. Moyo ulimuuma kuliko alivyotegemea.

Kesho yake aliketi mbele, alipopangiwa. Hotuba zilimfikia kwa mbali, kama mtu anayesikiliza akiwa chini ya maji. Nguo za Melkiadi zilitandazwa mkekani, koti la kijivu juu. Wazee wakamgeukia, wakangoja. Sikujua hakuinuka. Akaanza kulia, tena kulia kweli, anamwita Doto, anamwita Melkiadi, kamasi na machozi pamoja.

Wazee wakatazamana. Mtani akilia msibani ujue utani umekufa, na ukoo uliopoteza mtani hauna tena wa kuuambia ukweli. Esteria, mjane, alijifunika kanga usoni. Sylvanus akashika kipaza sauti: "Tunamshukuru sana bibi yetu Sikujua kwa heshima aliyotuonyesha leo." Jamani! Hakuna hata mmoja aliyepiga makofi.

Siku ya kura ilipita taratibu, foleni ndefu na maneno machache. Jioni matokeo ya kituo cha Ng'ambo yakabandikwa mlangoni. Specioza, mia mbili na kumi na nne. Lyamba, tatu. Kwingine jimboni kina Lyamba walibebwa, na Sylvanus ubunge aliupata. Lakini hapo Ng'ambo watu waliganda mbele ya karatasi ile. Waliopiga kura pale kutoka nyumba ya Lyamba walikuwa wanne: Sylvanus, mkewe, dereva wake na mama yake Esteria. Kura ni siri, ila hesabu haina siri. Mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama Esteria.

Esteria hakuficha uso. Alipita katikati yao, akaenda kusimama mbele ya Sikujua.

"Mchawi wee!" Sikujua alimfokea, kila mtu akasikia. "Mtoto umemzaa mwenyewe, kura umemnyima! Sasa mtu mbaya hivi, nani atakuzika?"

"Wewe," alisema Esteria. "Nani mwingine ninaye?"

Wakaangua kicheko wote wawili, vikongwe wale, wakashikana mpaka wakakaa chini mavumbini.